Sipriani, Askofu Aliyerudi Karthago

Mwaka 250 Wakristo wa Karthago, karibu na Tunis ya leo, walijikuta hawana askofu. Kaisari Decius alikuwa ameamuru watu watambikie miungu ya Roma mbele ya maofisa, kisha wapewe cheti. Sipriani, mwalimu wa ufasaha aliyebatizwa ukubwani na bado mgeni katika uaskofu, alijificha, akaliongoza kanisa kwa barua.

Wengi walitambika. Wengine walihonga wakapata cheti bila kugusa madhabahu. Waliokataa walifungwa, na baadhi yao walifia gerezani.

Msako ulipopoa, mwaka 251, walioanguka walitaka kurudi. Kule Roma, kasisi Novatian alisema hawapokelewi kamwe. Karthago kwenyewe, baadhi ya waliotoka kifungoni waligawa barua za msamaha ovyo. Sipriani, ambaye kutoroka kwake kulikuwa kumezua maneno, alizikataa njia zote mbili. Yeye na maaskofu wenzake waliamua kila mmoja apimwe kwa lake: aliyenunua cheti si sawa na aliyekimbilia madhabahu mwenyewe, wala huyo si sawa na aliyevunjwa na mateso. Toba ilikuwa ya lazima, lakini mlango haukufungwa. Kwangu mimi, katika yote aliyoliachia Kanisa hakuna kikubwa kupita hiki. Hata ubishi wake na Papa Stefano juu ya ubatizo wa wazushi, ulioita maaskofu 87 Karthago mwaka 256, haukifikii.

Tauni ilipoushika mji, aliwahimiza waumini wawahudumie hata wapagani, wale wale waliopiga kelele atupiwe simba.

Mateso yaliporudi, mwaka 257, alipelekwa uhamishoni Curubis. Mwaka uliofuata, akiwa amesharudi kutoka uhamishoni, liwali wa Kirumi alimwita Utica. Sipriani hakwenda, alijificha tena, ila safari hii kwa kusubiri liwali arejee Karthago, maana aliona askofu humkiri Bwana katika mji wake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi, Sipriani alikutwa nyumbani kwake. Septemba 14, 258 alihukumiwa, akajibu kwa kumshukuru Mungu, akaagiza aliyepewa kazi ya kumkata kichwa alipwe sarafu 25 za dhahabu.

Kanisa Katoliki humkumbuka Septemba 16, siku moja na Papa Kornelio, aliyesimama naye kuwapokea walioanguka.