Chimbuko la Kozi ya Stadi za Mawasiliano: Mfano wa Dar es Salaam

Kozi ya kumfunza mwanachuo mpya kusikiliza mihadhara, kusoma vitabu vya taaluma na kuandika insha haikuzaliwa Afrika Mashariki kama tunda la nadharia ya elimu. Ilizaliwa kama dawa ya tatizo la lugha. Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalidhihirisha jambo hilo.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania, hali Kiingereza kiliachwa katika sekondari na vyuo. Mwaka 1978 Chuo Kikuu kiliunda Kitengo cha Stadi za Mawasiliano ndani ya Idara ya Lugha za Kigeni na Isimu. Miaka sita baadaye, uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha ukubwa wa mzigo huo: chini ya asilimia 20 ya wanachuo waliopimwa ndio walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Kabla ya hapo, mwaka 1982, tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikwisha kupendekeza Kiswahili kitumike sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na kozi ikaendelea kuziba pengo ambalo sera ililiacha wazi.

Hapo ndipo kosa la msingi lilipojificha. Kozi moja ilibebeshwa kazi mbili: kufundisha Kiingereza, na kufundisha ufundi wa usomi, yaani kutenganisha dai na ushahidi wake, kufupisha hoja ya mwingine bila kuipotosha, na kukiri chanzo. Ufundi huu si mali ya Kiingereza. Idara ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1970, ilifundisha isimu na fasihi kwa Kiswahili chenyewe. Wala umilisi wa lugha peke yake hautoshi: msemaji hodari wa barazani, awe wa Mombasa au Unguja, hawi mwandishi wa tasnifu kwa ufasaha wake tu.

Kazi hizo mbili zisipotenganishwa, mwanafunzi mwenye hoja nzito huhukumiwa kuwa mzito wa akili kwa sababu ya sarufi yake, na mwenye Kiingereza laini hupita bila hoja. Yafaa basi anayetunga kozi ya mwaka wa kwanza apime kila kazi peke yake, achote matini kutoka masomo anayosoma mwanafunzi, na aruhusu hoja ijengwe kwanza katika lugha ambayo mwanafunzi anaimudu. Kenya, ambako Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, haina sababu ya kuufungia usomi katika lugha moja.