Kukiri Kabla ya Kupinga: Mpangilio wa Hoja katika Insha ya Kushawishi

Insha ya kushawishi humwandikia msomaji ambaye bado hajakubaliana na mwandishi. Insha ya maelezo humwandikia asiyejua; risala ya pongezi huwaandikia waliokwisha kukubali. Hata hivyo, insha ya kushawishi hufundishwa mara nyingi katika sekondari za Afrika Mashariki kana kwamba msomaji huyo mgumu hayupo. Mwanafunzi huelekezwa aandike utangulizi wa kufafanua mada, hoja za kuunga mkono kila moja katika aya yake, hoja za kupinga, kisha msimamo wake. Katika insha ya mjadala mpangilio huu umeota mizizi kiasi kwamba mtahiniwa anayeukiuka hujiona anacheza na alama zake. Juu yake huongezwa mapambo: methali ya kufungulia, tashbihi mbili tatu, na aya ya mwisho inayorudia ya kwanza.

Kasoro kubwa ya mpangilio huo ni kwamba unaziweka hoja za mpinzani mahali pasipofaa. Zikija baada ya mwandishi kumaliza zake, husomwa kama deni linalolipwa shingo upande. Tena hoja tatu za huku na tatu za kule, zikilingana uzito, humwacha msomaji pale pale alipokuwa. Anachojifunza ni kwamba mwandishi amelielewa swali. Makala haya yanadai kwamba insha hushawishi pale mwandishi anapokiri mapema jambo la kweli linaloonekana kumdhuru, kisha akalitumia jambo hilohilo kujenga dai lake.

Kuhusu viungo vya hoja hakuna ubishi mkubwa. Aristotle alishaona kwamba hotuba ina sehemu mbili tu za lazima, kulieleza jambo na kulithibitisha. Stephen Toulmin, katika The Uses of Argument (1958), alitenganisha dai, ushahidi, na kanuni inayouunganisha ushahidi na dai. Ugomvi unaanzia kwenye mpangilio. Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca, ambao kitabu chao kilitoka mwaka huohuo wa 1958, walishikilia kwamba mtoa hoja huanzia kwenye yale ambayo hadhira imekwisha kuyakubali. Ni rahisi kuifasiri kauli hiyo kama ushauri wa adabu: msifu msomaji kidogo, ndipo umpinge. Ufasiri huo ni dhaifu, kwa kuwa sifa isiyohusiana na dai huisha nguvu mara dai linapotajwa. Aristotle aliona mbali zaidi aliposema kwamba anayezungumza baada ya mpinzani aliyepokewa vizuri aanze kwa kuzishughulikia hoja za mpinzani huyo, ili apate nafasi akilini mwa msikilizaji. Suala ni nafasi. Heshima huja baadaye.

Mfano ulio wazi kuliko mingine katika maandishi ya sera ya Afrika Mashariki ni Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Julius Nyerere uliotolewa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha. Msomaji wake mgumu anajulikana: mzazi aliyetarajia shule imtoe mwanawe shambani na kumpeleka ofisini, pamoja na mwalimu aliyeamini kwamba shule ni darasa na mtihani. Dai lenyewe lilikuwa chungu kwa wote wawili. Elimu ya msingi iwe kamili yenyewe badala ya kuwa maandalizi ya sekondari, na shule iwe jumuiya inayofanya kazi, pamoja na kulima.

Waraka hauanzi na dai hilo. Unaanza na swali la elimu ni ya nini, unapitia malengo ya elimu ya kikoloni, halafu unakiri mafanikio yaliyopatikana tangu uhuru: ubaguzi wa rangi shuleni umeondolewa, nafasi zimeongezwa, mafunzo yameanza kuhusu nchi yenyewe. Takwimu zinatajwa waziwazi. Mwaka 1961 shule za msingi za Tanganyika zilikuwa na watoto 490,000. Mwaka 1967 walikuwa 825,000. Wa sekondari mwaka 1961 walikuwa 11,832, na kati yao 176 tu walikuwa kidato cha sita. Mwaka 1967 walikuwa 25,000, na 830 katika kidato hicho. Mzazi na mwalimu hawana la kupinga hapa. Baada ya hapo ndipo inapokuja takwimu nyingine: ni takriban asilimia 13 ya watoto wa shule za msingi watakaopata nafasi ya sekondari, ilhali masomo yote ya msingi yamepangwa kwa ajili ya hao.

Takwimu za kwanza sasa zinasomeka upya. Kadiri shule za msingi zinavyopanuka kuliko sekondari, ndivyo wanavyoongezeka watoto wanaoandaliwa kwa safari wasiyoipata. Msomaji aliyeyakubali mafanikio ameshaikubali nusu ya shutuma bila kujua. Hebu waraka huo upangwe upya kwa kanuni ya darasani: dai kwanza, kwamba shule ziwe na mashamba, sababu tatu, kisha hoja ya kupinga, kwamba serikali imekwisha kufanya mengi. Ukweli ni uleule, lakini 825,000 sasa ni silaha ya mpinzani, na mwandishi analazimika kuitolea udhuru.

Kanuni inayounganisha asilimia 13 na dai, yaani kwamba shule ya umma iwahudumie walio wengi, nayo imetangulizwa. Usawa na heshima ya utu, kugawana kilichozalishwa kwa juhudi za wote, na kazi kwa kila mtu vinatajwa kama misingi ya jamii kabla ya shutuma kuanza.

Itasemwa kwamba Nyerere alikuwa rais wa nchi iliyokuwa ya chama kimoja tangu 1965, hivyo hakuhitaji kumshawishi mtu. Pingamizi hilo lina uzito likihusu matokeo. Mamlaka yalitosha kupata mashamba ya shule. Hayakutosha kumfanya mzazi aache kuuona mtihani wa kuingia sekondari kuwa ndio elimu yenyewe, na mahali pengi jembe liliishia kuwa adhabu. Hata hivyo, pingamizi halielezi kwa nini mtu mwenye uwezo wa kuamuru alijisumbua kuandika kwa mpangilio huu.

Pingamizi la pili ni la kivitendo: mtahiniwa ana muda mfupi na kurasa chache. Lakini kukiri hakudai zaidi ya aya moja. Mada iwe simu za mkononi ziruhusiwe katika shule za bweni. Mwanafunzi anayeunga mkono anaweza kuanza kwa kukubali kwamba simu huwafanya wanafunzi wakeshe na kwamba walimu wanaozinyang'anya wana sababu nzuri. Aya inayofuata inauliza kwa nini hukesha. Simu iliyofichwa ndani ya godoro hutumika usiku, taa zikizimwa, kwa sababu mchana haiwezi kuonekana. Simu inayokabidhiwa kwa matroni na kutolewa saa moja kila jioni haina haja ya usiku. Kukesha, kulikokuwa hoja ya marufuku, sasa ni hoja ya utaratibu wa wazi. Methali nayo, ikihitajika, ikae hapo kwenye kiungo, mahali inapofanya kazi ya kanuni inayokubalika na wengi. Ikiwekwa mlangoni mwa insha ni pambo, na watahini wamekwisha kuichoka.

Mbinu hii ina mipaka. Haifai kwa wasomaji waliokwisha kukubali, wanaohitaji kuhimizwa tu. Pia hushindwa pale jambo lililokiriwa linapogoma kugeuka: mwandishi akikiri kwamba simu zimevujisha mitihani, na asione jinsi ruhusa itakavyopunguza uvujaji huo, anapaswa kulipunguza dai lake, pengine kwa kuzitenga siku za mitihani. Kwa upande wa usahihishaji, inatosha kubadili jambo moja: badala ya kuzihesabu hoja za kupinga, mtahini aangalie kama upo ushahidi wowote wa mpinzani ambao mtahiniwa ameutumia kulijenga dai lake, na alama za hoja zitolewe kwa kigezo hicho.