Injini ya Datsun 240Z na Maneno ya Gereji: Somo la Historia kwa Watunga Istilahi

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida linaloshughulika na istilahi likijitia katika mambo ya injini za magari ya mbio. Lakini mfasiri anayepewa kitabu cha matengenezo, mwalimu wa shule ya ufundi, na mtumishi wa serikali anayesimamia karakana ya magari, wote hukutana na swali moja: fundi aitweje neno gani ili afungue kile kinachopasa kufunguliwa, na asiguse kisichokuwa na kosa? Katika makala haya tutaitazama historia ya injini moja ya Kijapani iliyopata sifa kubwa katika barabara za Afrika Mashariki, kisha tutaona mafunzo yake kwa lugha yetu.

1. Wajapani na jina la injini

Mwaka 1907, katika mji wa Osaka, iliundwa kampuni iliyoitwa Hatsudoki Seizo. Neno hatsudoki limejengwa kwa alama tatu za maandishi yenye asili ya Kichina: ya kwanza ina maana ya kutoa au kuanzisha, ya pili ni mwendo, na ya tatu ni mashine. Kwa hiyo hatsudoki ni "mashine itoayo mwendo". Mwaka 1951 kampuni hiyo ilijiita Daihatsu, yaani alama ya kwanza ya jina la Osaka, ikisomwa kwa namna nyingine, ikaunganishwa na mwanzo wa neno hatsudoki. Hivyo kila anayelitaja gari la kampuni hiyo hutaja nusu ya istilahi ya kale ya injini, bila kujua.

Kwa njia hiyo hiyo Wajapani waliunda neno jidosha, yaani gari lijiendeshalo lenyewe, na kikaki, chombo kinachogeuza kitu kuwa hewa, ndiyo kabureta. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia maneno ya Kiingereza yalihesabiwa kuwa lugha ya adui, na hata wachezaji wa besiboli walitafutiwa maneno mapya. Lakini baada ya vita maneno ya kukopa yalirudi kwa nguvu. Fundi wa Kijapani leo husema enjin na pisuton. Kabureta huiita kyabureta, naye huikata ikawa kyabu tu. Injini inapozimika ghafla husema ensuto, neno lililofinyangwa kutokana na maneno mawili ya Kiingereza, nalo Mwingereza hawezi kulitambua.

Je, maneno ya asili yalikufa? La. Hatsudoki limebaki katika jina rasmi la kampuni ya Yamaha iliyoanzishwa mwaka 1955 kuunda pikipiki, na kikaki lingali linafahamika katika maandishi ya kitaalamu. Tena gereji zenyewe zilizaa maneno yao. Bomba la moshi lenye matawi marefu, kila tawi likitoka katika silinda yake, mafundi wa Japani huliita tako-ashi, yaani miguu ya pweza. Hakuna kamati iliyokaa kulitunga. Limetungwa na macho ya watu wanaomjua pweza.

Sisi nasi tunayo historia ya namna hii. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari. Bomba tulilipata kwa Wareno. Kabureta, plagi, gia na breki tuliwapokea wageni hawa wakaingia wakakaa. Ni dhahiri kwamba lugha hai hutumia njia zote mbili, kukopa na kuunda. Lililo muhimu ni kujua ni wapi kila njia inafaa.

2. Injini yenyewe

Mwezi wa Oktoba 1969 kampuni ya Nissan ilitoa gari la michezo lililoitwa Fairlady Z nchini Japani, na Datsun 240Z katika nchi za nje. Injini ya 240Z ilipewa jina la L24. Tarakimu hizo si pambo: L ni ukoo wa injini, na 24 ni lita 2.4. Ilikuwa na silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, bloku ya chuma, kichwa cha alumini, kamshafti moja juu ya kichwa inayozungushwa kwa mnyororo, krankishafti iliyokaa juu ya beringi kuu saba, na kabureta mbili za Hitachi zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza.

Kwa soko la Japani ilitolewa pia Z432, iliyotumia injini ya S20, ile ile iliyotiwa katika Skyline GT-R ya mwaka 1969. Jina hilo ni maelezo kamili: vali 4 katika kila silinda, kabureta 3, kamshafti 2. Injini hiyo, ya sentimita za ujazo 1,989 na nguvu za farasi 160, ilikuwa kazi ya wahandisi waliotoka katika kampuni ya Prince, iliyounganishwa na Nissan mwaka 1966. Ilikuwa injini ya hali ya juu, lakini iliyopata sifa Afrika Mashariki ni L24, iliyokuwa sahili zaidi.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, pamoja na Hans Schüller, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa 240Z; gari la pili lilikuwa 240Z pia, likiendeshwa na Shekhar Mehta. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa pointi na Datsun nyingine ya Harry Källström. Vumbi, matope na mawe ya nchi zetu ndiyo yaliyoitolea injini hii cheti chake.

3. Kutengeneza na kugeuza

Hapa tunafikia tatizo la kwanza la istilahi. Neno "kurekebisha" hutumiwa kwa kuondoa kosa, kwa kulinganisha vipimo, na hata kwa kubadili muundo ili kuongeza nguvu. Kazi hizo tatu hazifanani. Anayeondoa kosa huirudisha injini katika hali aliyoikusudia mwundaji. Anayebadili muundo huiondoa katika hali hiyo kwa makusudi.

Tuchukue mfano unaojulikana sana kwa wapenzi wa injini za ukoo wa L. Katika L24 kipenyo cha silinda ni milimita 83, na mwendo wa pistoni, kutoka chini hadi juu, ni milimita 73.7. Ukipiga hesabu ya ujazo kwa silinda sita, unapata sentimita za ujazo 2,393. Katika ndugu yake L28 kipenyo ni milimita 86 na mwendo ni milimita 79, nao ujazo ni 2,753. Mafundi wa Japani waligundua kwamba krankishafti ya LD28, injini ya dizeli ya ukoo huo huo, ina mwendo wa milimita 83. Wakaitia katika bloku ya L28, wakazichonga silinda hadi milimita 89, na ujazo ukafika 3,098. Kabureta mbili zikaondolewa, zikawekwa tatu za Mikuni zenye muundo wa Solex, kila moja ikiwa na midomo miwili, hata kila silinda ikapata mdomo wake; na upande wa moshi wakafunga miguu ya pweza.

Mfasiri aliyeandika "ukubwa wa shimo" mahali pa "kipenyo cha silinda", na "urefu wa pistoni" mahali pa "mwendo wa pistoni", atakuwa ameiharibu hesabu yote. Urefu wa pistoni ni kipimo cha kipande cha chuma. Mwendo wake ni safari inayokwenda. Fundi atakayeagiza vipuri kwa kufuata tafsiri hiyo atapoteza fedha zake.

Aidha, kila nyongeza ina deni lake. Ujazo ukizidi na nafasi ya juu ya pistoni ikibaki ile ile, uwiano wa mbano hupanda: mchanganyiko wa petroli na hewa hubanwa zaidi kabla ya kuwashwa. Nguvu huongezeka, lakini pia hatari ya kuwaka vibaya, ambayo sasa tutaieleza.

4. Neno moja, makosa matatu

Mwenye gari huja gereji akasema: "Injini inagonga." Kwa mazungumzo neno hilo latosha. Kwa kitabu cha matengenezo halitoshi, kwa kuwa ndani yake yamejificha makosa matatu.

La kwanza ni la beringi ya mkono wa pistoni iliyolika. Sauti yake ni nzito na ya ndani, nayo mara nyingi huandamana na kushuka kwa msukumo wa oili. Ukiondoa waya wa plagi ya silinda yenye kosa, sauti hupungua. Injini hiyo hapana budi izimwe mara moja, kwani mkono ukikatika hutoboa bloku.

La pili ni la nafasi ya vali iliyozidi. Sauti ni nyepesi, ya haraka, hutoka juu chini ya kifuniko cha kichwa, nayo hufuata kamshafti, ambayo huzunguka nusu ya mizunguko ya krankishafti. Katika L24 nafasi hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.25 kwa vali ya kuingiza na 0.30 kwa vali ya kutoa. Kazi yake ni ya spana mbili na kipimo chembamba cha bati.

La tatu si la chuma kugonga chuma hata kidogo. Baada ya cheche ya plagi, moto hupaswa kuenea kwa utaratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Joto na mbano vikizidi, sehemu iliyobaki huwaka yote kwa pamoja, na sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo, hasa gari linapopanda mlima kwa mizunguko michache. Dawa yake ni kuichelewesha cheche, kutafuta petroli bora, na kuangalia joto la injini. Kosa hili likipuuzwa hutoboa kichwa cha pistoni.

Sasa tuseme mfasiri amekutana na majina matatu katika lugha ya asili, naye akayatafsiri yote "kugonga". Fundi mtiifu atafungua injini nzima kutafuta beringi, na kumbe cheche imetangulia mno. Au, vibaya zaidi, atachelewesha cheche huku mkono wa pistoni ukikaribia kukatika. Hapo istilahi imekuwa gharama, tena yaweza kuwa ajali.

Lakini Kiswahili hakikosi maneno hayo. Kugonga ni kupiga kwa nguvu. Kugota ni kupiga kidogo kidogo kwa kifundo cha kidole. Kutatarika ni mlio wa mahindi yanayokaangwa. Maneno matatu, sauti tatu, makosa matatu, nayo yote yalikuwapo kabla ya gari la kwanza kufika pwani yetu.

5. Kuchemka kwa maji na kuchemka kwa petroli

Injini za ukoo wa L huingiza mchanganyiko na kutoa moshi upande mmoja wa kichwa, na kwa sababu hiyo kabureta hukaa juu ya mabomba ya moshi. Gari likizimwa kwa muda mfupi kwenye jua kali, joto hupanda na kuchemsha petroli ndani ya kabureta na mabomba yake. Dereva akirudi, injini haiwaki. Naye husema "gari limechemsha", na msaidizi hukimbilia rejeta kuongeza maji yasiyopungua. Tatizo hilo lilisumbua zaidi kabureta zilizotiwa katika magari ya soko la Marekani kuanzia mwaka 1973, kwa ajili ya sheria za moshi, hata wenye magari wengi wakazing'oa na kurudisha zile za awali. Kosa la petroli linastahili jina lake, mbali na kosa la maji.

6. Rai yetu

Kwa kifupi, tunatoa rai kwamba majina ya vipande vya injini yaachwe yalivyozoewa katika gereji: kabureta, pistoni, krankishafti, kamshafti, plagi. Kuyaundia mengine mapya ni kumpa fundi mzigo bila faida. Juhudi yetu tuielekeze kwenye majina ya vipimo, ya kazi na ya makosa, kwani hapo ndipo maana hupotea. Tunaleta haya yafikiriwe:

Kutengeneza: kuirudisha injini katika hali ya awali.
Kulinganisha: kuweka vipimo vinavyotakiwa bila kubadili kipande.
Kugeuza muundo: kubadili vipande ili injini iwe na tabia mpya.
Mwendo wa pistoni: umbali ambao pistoni husafiri kutoka chini hadi juu.
Uwiano wa mbano: ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini, ukigawanywa kwa ujazo uliobaki pistoni ikiwa juu.
Kugonga: sauti nzito ya beringi iliyolika.
Kugota: sauti nyepesi ya nafasi ya vali iliyozidi.
Kutatarika: sauti ya mchanganyiko unaowaka wote kwa pamoja.
Kizibo cha mvuke: mvuke wa petroli unaozuia petroli kupita.

Mtunga istilahi asiishie maktaba. Aende gereji, asimame kando ya injini inayounguruma, asikilize fundi anavyosema, na asikilize pia injini inavyolia. Wajapani walimwona pweza katika bomba la moshi. Nasi tuliyasikia mahindi kikaangoni kabla hatujaisikia injini.