Shinichi na Waltraud Suzuki: Historia Fupi ya Taasisi ya Elimu ya Vipaji, Matsumoto

Taasisi ya Elimu ya Vipaji ilianza mwaka 1946 kama shule ndogo ya muziki mjini Matsumoto, katika mkoa wa Nagano, Japani. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu kabla, chakula kilikuwa haba, na fidla kwa mtoto wa miaka minne ilionekana anasa. Hata hivyo, katika shule hiyo ndipo ilipokomaa njia ya kufundisha ala za nyuzi ambayo leo inafuatwa katika nchi nyingi duniani. Historia yake haitenganiki na ndoa ya watu wawili: Shinichi Suzuki, mpiga fidla wa Nagoya, na Waltraud Prange, mwanamuziki wa Berlin.

Shinichi Suzuki alizaliwa Nagoya tarehe 17 Oktoba 1898. Baba yake, Masakichi, alitoka katika ufundi wa kutengeneza shamisen, ala ya nyuzi tatu ya Kijapani, akageukia fidla na kujenga kiwanda kilichokuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya fidla duniani. Pamoja na kukulia kiwandani, Shinichi hakufundishwa kupiga fidla utotoni. Alikuwa kijana wa miaka kama 17 aliposikia santuri ya Mischa Elman akipiga Ave Maria ya Schubert. Akachukua fidla moja ya kiwandani na kuanza kujifunza peke yake kwa kuiga alichokisikia. Baadaye alifundishwa na Ko Ando mjini Tokyo, kisha katika miaka ya 1920 akaenda Ujerumani, ambako mwalimu wake alikuwa Karl Klingler wa Berlin, mwanafunzi wa zamani wa Joseph Joachim.

Berlin ndiko alikokutana na Waltraud. Walifunga ndoa mwaka 1928 na mwaka huohuo wakahamia Japani. Shinichi aliunda kikundi cha wapigaji wanne wa ala za nyuzi pamoja na ndugu zake na kufundisha katika vyuo vya muziki. Waltraud alijifunza kuishi katika nchi ambayo lugha na desturi zake zote zilikuwa ngeni kwake.

Wazo lililozaa taasisi lilianzia kwa mwanafunzi mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mzazi mmoja alimleta kwa Suzuki mwanawe wa miaka minne, Toshiya Eto, ili afundishwe fidla. Suzuki, aliyezoea kufundisha vijana na watu wazima, hakujua aanzie wapi. Katika kulitafakari jambo hilo aliona kitu ambacho kila mtu alikuwa akikiona bila kukitilia maanani: watoto wote wa Japani wanasema Kijapani. Wanakisema kwa lafudhi sahihi, kila mmoja kwa lahaja ya kwao, na hakuna anayeambiwa kwamba hana kipaji cha lugha. Suzuki alihitimisha kwamba mtoto hujifunza kwa kusikia, kuiga, kurudia na kutiwa moyo na wale wanaompenda, na kwamba muziki unaweza kufundishwa vivyo hivyo. Waswahili wana kauli yao juu ya jambo hilo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Eto alikuja kuwa mmoja wa wapiga fidla mashuhuri wa Japani.

Vita vya Pili vya Dunia viliwatenganisha wanandoa hao. Kiwanda cha familia kiliamriwa kutengeneza maboya ya ndege za majini, na Shinichi akahamia Kiso-Fukushima milimani kushughulikia mbao, huku Waltraud akiishi Hakone. Vita vilipokwisha, mwimbaji Tamiki Mori alimwalika Suzuki afundishe katika shule mpya ya muziki iliyokuwa ikianzishwa Matsumoto. Suzuki alikubali kwa sharti moja: aachiwe kufundisha watoto wadogo kwa njia yake. Alimchukua pia na kumlea Koji Toyoda, mtoto yatima aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, ambaye baadaye alikuwa kiongozi wa wapiga fidla katika okestra ya redio ya Berlin. Kwa miaka kadhaa Waltraud aliendelea kufanya kazi mbali na Matsumoto, kabla ya kuungana tena na mumewe mjini humo.

Mafundisho ya Matsumoto yalianza na mzazi. Mama ndiye aliyefundishwa kwanza kushika fidla na kupiga wimbo mmoja, huku mtoto akitazama. Mtoto akishamwona mama yake akipiga, naye hutaka. Hapo alipewa fidla ya kimo chake, ambayo kwa wadogo kabisa ni ile iitwayo ya moja ya kumi na sita. Nyumbani santuri ya nyimbo atakazojifunza ilipigwa kila siku, hata wakati wa kula na kucheza, mpaka nyimbo zikamkaa kichwani kabla vidole havijazijua. Masomo yalikuwa mafupi, kwa kadiri mtoto anavyoweza kutulia. Kusoma nota kuliahirishwa mpaka mtoto aweze kutoa sauti nzuri, kama vile kusoma maandishi kunavyofuata baada ya kusema. Mbali na somo la mtoto mmoja mmoja, kulikuwa na somo la pamoja, ambapo wadogo walisimama na wakubwa na kupiga nyimbo zilezile.

Suzuki alizipanga nyimbo hizo katika vitabu 10. Cha kwanza kinaanza na tofauti kadhaa za midundo juu ya wimbo mmoja wa watoto unaojulikana duniani kote, kikapita katika nyimbo za kienyeji, vipande vya Suzuki mwenyewe na dansi za Bach, na kuishia kwa Gavotte ya Gossec. Katika kitabu cha nne mwanafunzi hujifunza sehemu ya fidla ya pili katika konserto ya Bach ya fidla mbili, na katika cha tano sehemu ya fidla ya kwanza. Kwa hiyo mtoto aliyetangulia na anayemfuata wanaweza kusimama pamoja na kuipiga. Vitabu viwili vya mwisho vina konserto mbili za Mozart. Nyimbo za zamani haziachwi: anayepiga Mozart bado hurudia zile za kitabu cha kwanza, safari hii kwa kutafuta sauti safi zaidi.

Mwanafunzi alipomaliza hatua fulani alirekodi wimbo wa kuhitimu na kuituma kanda Matsumoto. Suzuki aliamka usiku wa manane, akazisikiliza kanda hizo moja baada ya nyingine, na mwishoni mwa kila kanda akarekodi maneno yake: kwanza sifa, kisha jambo moja la kurekebisha. Maelfu ya watoto ambao hakuwahi kuwafundisha ana kwa ana walipata somo lake kwa njia hiyo.

Mwaka 1955 zaidi ya watoto elfu moja walipiga fidla kwa pamoja mjini Tokyo katika onyesho la kitaifa. Mwaka 1961 mpiga cello Pablo Casals aliwasikiliza mamia ya watoto wa taasisi mjini humo, akatokwa na machozi. Huko Marekani, filamu ya watoto wa taasisi ilionyeshwa Oberlin, Ohio, mwaka 1958, na mwaka uliofuata mwalimu John Kendall akasafiri hadi Japani kujionea. Mwaka 1964 Suzuki na Waltraud waliongoza kikundi cha watoto 10 katika ziara ya Marekani. Walimu wa muziki waliokutana Philadelphia, ambao wengi wao waliamini kuwa mtoto wa miaka mitano hawezi kupiga Bach, waliona kwa macho yao.

Tangu hapo kazi ya Waltraud ikawa nguzo ya taasisi. Walimu wa kigeni waliomiminika Matsumoto walimtegemea kwa barua, tafsiri na ushauri. Ndiye aliyekifasiri kwa Kiingereza kitabu cha mumewe kiitwacho Nurtured by Love, kilichotolewa mwaka 1969, na ni kitabu hicho, kuliko hotuba yoyote, kilichoieneza falsafa ya Suzuki nje ya Japani. Aliandika pia kumbukumbu zake, My Life with Suzuki.

Viola iliingia katika njia hii kupitia wanandoa wengine. Doris Preucil, aliyeanzisha shule ya muziki Iowa City mwaka 1963, aliandaa vitabu vya Suzuki vya viola, na mumewe William, mpiga viola, akazirekodi nyimbo zake. Viola ni kubwa kuliko fidla na sauti yake iko chini zaidi. Kwa kuwa nyuzi zake zimepangwa kwa nafasi zilezile, wimbo wa kwanza hushikwa kwa vidole vilevile, lakini husikika sauti tano chini. Mtoto wa viola hakulazimika tena kuanza kwa fidla.

Mwaka 1983 iliundwa Jumuiya ya Kimataifa ya Suzuki ili kuunganisha walimu wa mabara mbalimbali. Shinichi Suzuki alifariki Matsumoto tarehe 26 Januari 1998, akiwa na umri wa miaka 99. Waltraud alifariki mwaka 2000. Nyumba waliyoishi Matsumoto sasa ni makumbusho.

Wako walimu wanaolaumu njia hii kwa kuchelewesha kusoma nota, na wengi wanaoifuata leo wamekwisha kurekebisha jambo hilo. Msingi wake haujatikisika. Suzuki alisema mara nyingi kwamba hakukusudia kutengeneza wanamuziki, bali kulea watu wema. Wengi wa wanafunzi wake hawakuwa wapiga fidla wa kulipwa, na kwa kipimo chake mwenyewe taasisi ilifaulu kwao sawasawa na ilivyofaulu kwa Eto na Toyoda.