Nani Asamehewe Baa la Nzige Liingiapo

Katika kuadhimisha miaka 10 ya umoja wetu, tumeona ni vema tusinene habari za mizani na bei ya kahawa peke yake. Wanachama wa Kwa Sadala, ambao vihamba vyao viko mlimani na mashamba yao ya mahindi yako chini tambarare, wajua ya kuwa mavuno huweza kupotea kabla hayajafika ghalani. Baa liingiapo, watu wote huitwa kazini; na hapo ndipo swali la zamani hurudi: nani asamehewe?

Wazee wetu walilijua swali hili tangu zamani za Wamangi. Mifongo iletayo maji kutoka juu ilichimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja, na asiyefika pasipo sababu alitozwa faini au kunyimwa zamu ya maji. Kazi ilikuwa ya lazima, lakini aliyeshika jembe aliyaona maji yakiingia katika kihamba chake mwenyewe.

Kisha yakaja majaribu makubwa zaidi. Tangu mwaka 1930 hivi hata 1944 nzige wekundu walienea Tanganyika na nchi nyingi za Afrika. Watu walichimba mahandaki, wakawaswaga tunutu wasioweza kuruka na kuwafukia humo, au wakawachoma moto, au wakawategea chambo chenye sumu. Kazi hiyo yataka mikono mingi kwa siku chache, wala haingoji. Tunutu akiisha kuota mbawa, handaki halina faida tena.

Mwaka huohuo wa 1930, huko Geneva, Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba Namba 29 juu ya kazi ya shuruti. Kwa kazi ya shuruti iliyoruhusiwa kwa muda, mkataba ulitaka waitwe wanaume wenye afya tu, wa miaka 18 hata 45. Walimu, wanafunzi na watumishi wa serikali wasamehewe. Na kila kijiji kibakiziwe wanaume wa kutosha kutunza jamaa zao. Lakini kazi ifanywayo kwa sababu ya dharura, kama vile moto, mafuriko, njaa au uvamizi wa wadudu waharibifu, haikuhesabiwa kuwa kazi ya shuruti hata kidogo. Maana yake, ngao ile ya misamaha haikumfunika mtu aliyeitwa kupigana na nzige.

Tena si kila msamaha ulikuwa wa huruma. Sheria ya Kenya ya mwaka 1920 ilimsamehe kazi ya serikali mtu aliyekwisha kuajiriwa miezi 3 katika mwaka. Kwa maneno yalikuwa mapumziko. Kwa vitendo ilikuwa njia ya kumsukuma mkulima aliache shamba lake, aende kwa mlowezi. Basi yatupasa kuuliza daima: msamaha huu wamfaa nani?

Itifaki ya mwaka 2014 ilivifuta vifungu vile vya muda, pamoja na mipaka ya umri na misamaha yake. Habari ya dharura ilibaki. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 25, haiiti kazi ya shuruti ile inayompasa mtu kwa sababu ya baa litishialo uhai au ustawi wa jamii. Sheria, basi, yaturuhusu kuitana. Lakini haituandikii majina ya wa kusamehewa. Kazi hiyo ni yetu wenyewe.

Wala tusidhani hatari imepita. Viwavijeshi vamizi vilithibitishwa nchini mwaka 2017, na mwanzoni mwa mwaka 2021 nzige wa jangwani waliingia mikoa ya kaskazini.

Kwa hiyo twawashauri wanachama wakubaliane mapema, mkutanoni, kabla ya baa. Kwanza, wasamehewe wagonjwa, wazee, wajawazito, wanyonyeshao, na mtu aliye peke yake nyumbani na mgonjwa au watoto wadogo. Pili, watoto wa shule wasiguse sumu kamwe. Tatu, majina ya waliosamehewa yasomwe hadharani pamoja na sababu zake. Nne, cheo kisiwe sababu, wala fedha. Mjumbe wa kamati awe wa kwanza kufika. Tano, siku zihesabiwe, na hatari ikiisha wito uishe.

Chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro cha mwaka 1925, kilichoitangulia KNCU ya 1933, tangu mapema kiliwapatia wanachama bomba na dawa za kupigana na wadudu wa kahawa. Ushirika wetu ulizaliwa katika vita hiyo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kamati ikumbuke neno hilo kila inapoandika orodha ya zamu, ili asiye na nguvu asibebeshwe mzigo wa mwenye nguvu aliyejificha.