Elimu ya Nyumbani Katavi: Kutoka Mzinga wa Magome hadi Mtihani wa Maarifa

Anayezungumzia leo kumsomesha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka shule huonekana anazungumzia jambo la mijini, la familia zenye kompyuta na walimu wa kulipwa. Historia ya Mpanda na maeneo yanayounda Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, inaonyesha vingine. Huku shule ndiyo iliyokuja baadaye, nayo iliikuta elimu ikiendelea nyumbani, porini na ziwani. Kwa hiyo inafaa kuuliza nyumba ilifundishaje, na ilihitaji nini ili ifundishe vizuri.

Chukua ufugaji nyuki, kazi ambayo Wakonongo wa Inyonga na majirani zao wanaijua vizazi kwa vizazi. Kijana alimfuata baba au mjomba kwenye misitu ya miyombo wakati wa mvua, magome yanapobanduka kwa urahisi. Alionyeshwa kuchagua mti ulionyooka usio na vifundo. Ukakatwa mkato wa mviringo juu na mwingine chini, kisha mmoja wa wima ukaunganisha yote miwili. Gome likachokolewa polepole kwa kijiti kilichochongwa mpaka likatoka zima. Kingo zikabanwa tena kwa vijiti, ncha zikazibwa, tundu la nyuki likaachwa. Mti uliovuliwa gome hufa, hivyo kijana alifundishwa pia ni mti upi wa kuachwa. Mtihani wake ulisimamiwa na nyuki wenyewe, maana mzinga uliovuja hawakuukalia.

Wabende, Wapimbwe na Watongwe nao walikuwa na masomo yao: kuvua, kuwinda, kufinyanga, kuzalisha na kutambua dawa za miti. Mila ilifundishwa pamoja na kazi. Mtoto aliyeelezwa habari za Katabi, mzimu ambao jina lake limebaki kwenye ziwa na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na akaonyeshwa mkwaju unaotolewa sadaka, alijifunza kwamba msitu una mwenyewe na una masharti. Masomo haya hayakuwa mzigo wa mzazi mmoja. Shangazi alikuwa na sehemu yake, na babu, fundi na mganga vilevile. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na huo ndio uliokuwa utaratibu wa kila siku.

Darasa la kigeni liliingia kupitia Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 nahodha Mbelgiji Cambier alianzisha hapo kituo cha chama cha Mfalme Leopold II, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Misheni iliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, ambao nyumba zao zilikuwa zimevunjwa na biashara ya watu. Kwao misheni ikawa mzazi na mwalimu kwa wakati mmoja. Hapo ndipo alipofika mwaka 1889 Adrien Atiman, mzaliwa wa jirani na Timbuktu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri na kusomea udaktari Malta. Alitibu watu na kufundisha dini Karema hadi kifo chake mwaka 1956, miaka 67 kwa jumla. Maisha yake yanaonyesha shule inavyoweza kumwinua mtoto aliyepokonywa nyumba. Hilo halipaswi kusahauliwa na anayeisifu elimu ya nyumbani.

Wakati wa Waingereza, madini ya risasi yaliifanya Mpanda kuwa mji wa migodi, na mwaka 1950 reli kutoka Kaliua ikafika. Elimu iligawanywa kwa rangi. Kwa familia za Kizungu zilizoishi mbali na shule, serikali ya Tanganyika ilikuwa na masomo ya posta: vitabu na kazi za mtoto vilitumwa kutoka Dar es Salaam, mama akasimamia mezani, majibu yakarudishwa kusahihishwa. Elimu ya nyumbani iliyopewa mtaala na usimamizi wa dola ilikuwepo, basi, lakini si kwa mtoto wa Mbende wala wa Mkonongo. Maarifa aliyopewa yeye na wazazi wake hayakuhesabiwa kuwa elimu.

Uhuru ulikuja na nia ya kurekebisha hayo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilidai shule ifungamane na kazi za jamii. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakafunguliwa chini ya miti na kwenye ofisi za vijiji. Nchini kote, wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67 mwanzoni mwa kampeni, na kufikia mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Kwa upande wa watoto, Azimio la Musoma la 1974 lilizaa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikalazimisha kila mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe. Tangu hapo nyumba ikawa msaidizi wa shule, na mzazi anayemzuia mtoto akawa na kesi ya kujibu.

Hata hivyo nyumba haikuacha kufundisha. Mfano mkubwa kuliko yote Katavi uko Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Shuleni watoto walisoma kwa Kiswahili. Nyumbani walisikia Kirundi na habari za nchi waliyoiacha, nani aliuawa na kwa nini. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alizikusanya simulizi za Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuonyesha jinsi zilivyokuwa historia kamili, yenye mpangilio na mafunzo yake. Kizazi kilichozaliwa Tanzania kilikua kikiwa na walimu wawili, na wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014.

Upande wa pili wa habari hizi ni mtoto aliyebaki nyumbani bila kufundishwa. Kuna anayeshinda na ng'ombe mabondeni, na kuna binti aliyeacha shule kwa mimba. Kwao mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa (MEMKWA), ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ulifungua mlango wa kurudi, na kwa waliokosa sekondari upo Mtihani wa Maarifa, unaomwezesha mtu kufikia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nchi nzima ilionja hali hiyo ya mtoto kubaki nyumbani. Kukaa nyumbani peke yake hakukumfundisha mtoto. Alijifunza pale alipokuwepo mtu wa kumshika mkono.

Kwangu mimi, hili ndilo fundisho la Katavi. Nyumba ilifundisha vizuri ilipokuwa na walimu wengi, kazi ya kweli na kipimo cha kweli. Ilishindwa ilipoachiwa mtu mmoja au ilipotumika kuficha utoro. Anayetaka kumsomesha mwanawe nyumbani leo aanze kwa kuhesabu watu watakaomsaidia, kisha atafute njia ya mtihani unaotambuliwa. Na shule za Mpanda, Mlele na Tanganyika ziwaite mafundi wa mizinga na wakunga wa jadi mbele ya wanafunzi wangali hai, wafundishe kama walimu wenye haki sawa. Wazee hao ni maktaba, na kila mwaka tunaochelewa tunapoteza baadhi yao.