Mkweche, Kuukuu, Kongwe

Mwenye Land Rover 109 ya miaka ya 1970 pale Makambako ana majina matatu ya gari lake, na kila jina lina mtu wake. Mbele ya fundi anayetaka kumkamua, gari ni mkweche tu. Mbele ya mnunuzi mwenye bei ya kejeli, linageuka gari la kale. Mkewe akiuliza kwa nini petroli imemeza ada ya mtoto, linakuwa "hili gari letu", bila jina kabisa. Sisi walinzi wa lugha hatuwezi kuliacha likirandaranda hivyo. Tulipime.

Mkweche ni neno la sikio. Ukilitamka unasikia bati likigonga bati na mlango usiofunga. Ni tusi, tena tusi zuri, lakini halina huruma: mkweche hautunzwi, unavumiliwa.

Kuukuu ni pole zaidi, ila limezoea nguo, jembe na mkeka. Mkeka kuukuu wa kusalia una jina lake, mbacha, na ndio huo uliojificha katika methali ya usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi hudhani mbachao ni neno moja zima, kumbe ni mbacha wako, kama mwanao alivyo mwana wako. Methali hiyo ingefaa kubandikwa kwenye kioo cha kila 109, ila kuukuu linasema kitu kimechoka. Halisemi kama bado kinafanya kazi.

Kale limekwisha kupata ajira serikalini. Lipo kwenye jina la Idara ya Mambo ya Kale, linaita magofu ya Kilwa na zana za mawe za Isimila kule Iringa. Kitu cha kale hutazamwa. Hakipakii viazi kikapanda nacho mlima.

Linabaki kongwe, na hapo ndipo ninaposimama. Mwanamuziki mkongwe hajastaafu, bado yuko jukwaani na vijana wanamwogopa. Chama kikongwe bado kinapigiwa kura. Gari kongwe, magari makongwe: umri upo, heshima ipo, na kazi haijakoma. Tofauti ya mkweche na kongwe haipo kwenye mwaka wa kutengenezwa. Magari mawili yaliyoshuka meli moja yanaweza leo kuwa na majina tofauti, kwa sababu mmoja wa wenyewe aliendelea kutia petroli bei ilipopaa na mwingine akashindwa.

Gari lenyewe tulilichukua kwa Wahindi. Wazee walisema motokaa, na ninalililia neno hilo. Lilitoka kwa Mwingereza, lakini likaangukia masikio yenye bahati: Mswahili alisikia moto, kisha akasikia kaa. Kwa aliyewahi kusimama kando ya barabara akisubiri rejeta ipoe, hapo hakuna cha kusahihisha.

Sasa mafuta. Neno hili ni karimu mno: ya kula, ya kupaka, ya taa, ya gari. Mtu akisema sokoni kwamba mafuta yamepanda, hujui alizeti au petroli. Mwaka 2022 yalipanda yote mawili, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza. Mahali pa kuyapata tunapaita sheli, hata bango likiwa la kampuni nyingine kabisa, na sioni ubaya. Kituo cha mafuta ni jina la kwenye kibali cha ujenzi. Sheli ni jina la mtu mwenye haraka.

Utamu wa kweli uko kwenye vitenzi. Gari la Kiswahili lina mdomo na pua. Lile la bei nafuu kuendesha linanusa tu. La kawaida linakula. Land Rover ya petroli, yenye injini ya lita 2.25, inakunywa, na ikipanda mlima inabugia. Chukua kilomita 6 kwa lita, na si makadirio ya uonevu. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kilomita 60 hivi. Hizo ni kama lita 10, kwenda tu. Agosti 2022 petroli ya rejareja Dar es Salaam iliwekewa kikomo cha shilingi 3,410, na kadiri unavyosogea bara ndivyo usafirishaji unavyojiongeza juu yake. Hata kwa bei ya Dar, safari hiyo ni zaidi ya 34,000 bila kurudi.

Wataalamu husema matumizi ya mafuta. Neno vivu: anayetumia ni mwenye gari, gari linatumiwa. Ulaji ungefaa, lakini umekwisha kuhamia maofisini. Kutokana na kunusa tungepata mnuso, nao mtaa umeuita sherehe ya kula bure, kinyume kabisa cha tunachotaka. Ninapendekeza kiu. "Kiu ya gari hili ni lita moja kwa kilomita sita." Kila mtu ataelewa, na atampa pole mwenyewe.

Bei kikomo ni istilahi ya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, nayo hutangazwa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na katika jedwali lake Njombe na Makambako kila mmoja una mstari wake. Nimewasikia wanaolilalamikia: kikomo gani hiki kinachohama kila mwezi? Mimi ninalitetea. Kikomo hakimwambii mnunuzi kwamba mateso yamekoma. Kinamwambia muuzaji kwamba hapa ndipo mwisho wako. Shida ni kwamba mnunuzi naye ameacha kusema lita. Simama sheli yoyote usikilize: "Weka ya elfu kumi." Lita imebaki kwenye mashine, kwenye midomo imebaki noti.

Enzi ya wazee wetu ilikuwa na msamiati mwingine kabisa: mgawo, kibali, foleni. Baada ya vita vya Kagera na kupaa kwa bei ya dunia, petroli ilikosekana, na Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Foleni tuliipata kwenye amri ya askari wa Kiingereza ya kujipanga, na kwa kweli watu walijipanga. Hapo ndipo uhaba na ughali vinapoachana, ingawa magazeti huvichanganya. Wakati wa uhaba mwenye gari alikuwa na pesa na mafuta hayakuwepo. Wakati wa ughali mafuta yamejaa, anayatazama.

Na ajabu ya nyanda hizi: tangu 1968 bomba la TAZAMA, kilomita 1,710, linapeleka mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola likizikata nyanda za juu kusini, huku sisi tukisubiri lori la tenki. Neno bomba ni la Mreno, sawa na pipa, lile ambalo malori yalilibeba kwa mamia kuelekea Zambia baada ya Ian Smith wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965. Vijana wameligeuza bomba kuwa sifa: gari bomba, siku bomba. Mafuta yanapita ndani yake na uzuri umebaki nje.

Risasi. Injini kongwe zilizoea petroli yenye risasi, ambayo ililinda viti vya valvu. Kufikia mwaka 2006 Afrika kusini mwa Sahara ilikuwa imeiondoa, kwa faida ya ubongo wa watoto. Lakini jaribu kumwambia bibi kwamba petroli ya siku hizi haina risasi. Atamshukuru Mungu kwa amani.

Kuchakachua hakuhitaji kutetewa. Lilipotumika kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa lilikuwa neno la fundi. Uchaguzi wa 2010 ukalipeleka kwenye kura, na halijarudi tena gereji peke yake. Dawa yake iliitwa vinasaba, alama za siri zinazotiwa kwenye mafuta, na hapo aliyebuni alikuwa na kipaji. Nasaba ni ukoo. Petroli inaulizwa kama mchumba: wewe ni wa nani?

Madereva wakishuka mlima hutoa gia ili kuokoa mafuta, wakisema wameachia fri. Trafiki hukataza, na ana haki. Gari lililoachiwa hivyo halina msaada wa injini kwenye breki, na yeyote aliyepita mlima Kitonga anajua mabaki yaliyoko bondeni. Neno letu ni kuserereka. Mtaani mserereko ni mambo kwenda kilaini, na ndiyo maana ninaupenda zaidi ya fri: urahisi upo ndani ya neno, na utelezi nao upo.

Nimejiwekea pendekezo moja ninalolionea fahari. Wengi wameshinda kiu kwa kuitoa injini ya petroli ya Mwingereza na kuweka ya dizeli ya Mjapani. Tunaita kubadili injini, kana kwamba ni kubadili shati. Sasa nenda kwenye kitalu chochote cha parachichi Njombe. Mche wa kienyeji unakatwa, kikonyo cha Hass kinachomekwa, kinafungwa nailoni, na mche huo unaitwa wa kubebesha: mizizi ya mwenyeji, matunda ya mgeni. Fremu ya Land Rover yenye mashine ya Toyota ni nini kama si hicho? Injini ya kubebesha. Mkulima wa Njombe hahitaji kamusi.

Aliyeshindwa yote huliweka gari juu ya mawe. Hakuna haja ya kuboresha hapo. Magurudumu yametoka, mawe yameingia. Ila mwaka 2017 maana yake ilipungua ukali. Zamani gari juu ya mawe lilizidi kudaiwa ada ya mwaka, ile tuliyoiita rodi laisensi. Bajeti ya mwaka huo iliifuta na kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lililolala halidaiwi, na linalotembea linalipia na wenzake.

Limebaki jina la mwenyewe. Mmiliki ni la hati ya gari, mwenye ni la kila kitu. Mimi ninasema mlezi: mlezi wa gari kongwe. Kuna atakayepinga kwamba mlezi tayari ni yule anayealikwa na kwaya awe mgeni rasmi, akapigiwa makofi, kisha akasomewa risala yenye orodha ya vyombo vinavyotakiwa kununuliwa. Ndiyo. Ndiye huyo huyo ninayemsema.